Mchungwa wa Mbeyu Unalia

Jumanne, 7 Mei 1957. Msambweni.
Mchungwa wa Mbeyu unalia. Nimeuona asubuhi nikifagia uani. Gome limepasuka karibu na ardhi, linatoka utomvu mwekundu kama chai ya rangi. Harufu ya uchachu. Kitovu cha mwanangu nilikizika hapo kwa mikono yangu, na sasa yuko Funzi kwa mumewe, mimba ya miezi minane. Kumwandikia siwezi. Kudanganya kwa kalamu sikufundishwa.

Nina shauri langu. Nimelifukia shina kwa udongo na samadi hadi usawa wa magoti. Juu yake maji ya kombe, yale ya aya na zafarani, kata saba. Wifi yangu Mwanarusi kachungulia, kauliza tangu lini miti ikafunikwa shuka. Jicho lake nalijua.

Ijumaa, 10 Mei.
Mvua siku tatu. Utomvu umepanda, umetokea juu ya udongo. Matone mawili, sawasawa. Yananitazama nikienda jikoni, yananitazama nikirudi. Nimeongeza udongo. Nimeongeza na kombe.

Jumatano, 15 Mei.
Kapita Ziro, bwana shamba, na baiskeli yake. Kanikemea kwa adabu. Ati mama, huu ni ugonjwa wa ukungu, unakaa udongoni na unapenda maji, nawe unaulisha. Kafukua mpaka mizizi ya juu ikaonekana. Kakwangua gome lililooza, kalichoma, kapaka dawa ya mrututu na chokaa. Maji yasiguse shina tena. Nikamuuliza, na kitovu je? Akasema serikali haikumfundisha vitovu. Mwanarusi kacheka mpaka leso ikamdondoka.

Ijumaa, 17 Mei.
Siwezi. Shina lile jeupe limesimama uani kama mtu aliyevikwa sanda. Magharibi nimelipita, nikaliamkia shikamoo. Halafu nikasubiri. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba nilisubiri.

Mama gani amvike mwanawe sanda naye hajajifungua? Nimelisugua kwa makumbi mpaka dawa ikatoka yote. Nimefukia tena. Ziro nitamwambia ni mvua.

Jumapili, 2 Juni.
Majani ya manjano. Yanaanguka bila upepo, na hayatoi sauti. Ziro kaja, kautazama udongo, kaniuliza mvua ya Msambweni siku hizi inatumia jembe? Kafukua, kaona uozo umelizunguka shina pande zote. Kasema basi tena, mama. Nimekaa nimelishika. Sijala.

Alhamisi, 6 Juni.
Habari za Funzi. Mbeyu kajifungua asubuhi, mtoto wa kike, wote wazima. Alhamdulillahi. Na asubuhi hiyohiyo mchungwa nimeusukuma kwa kiganja, ukalala chini.

Sasa nimeelewa. Mti haukuwa ukimdhuru. Ulikuwa ukimbebea balaa. Na mimi, kwa kombe langu na samadi yangu, niliusaidia kubeba. Nimemwambia Ziro, akapanda baiskeli bila kuaga.

Halafu nikautazama mchungwa ulio karibu na kisima, wenye kitovu cha Chande, mdogo wake Mbeyu. Juzi kaenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Nimeuzunguka mara tatu, nimepapasa shina lote. Gome kavu. Majani yanang'aa. Hata tone moja la utomvu hakuna. Mwanangu yuko ugenini peke yake, na mti wake mzima kabisa.

Nimeshamwaga debe la kwanza la maji shinani. Samadi nimemwomba Mwanarusi.