Kochi Linalozunguka na Simu Isemayo Ndiyo

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kihistoria! Bosi ametukusanya kwenye ukumbi wa maonyesho, katikati ya makabati yasiyouzika, akatangaza kwamba tovuti ya duka letu la samani itaboreshwa. Ila tutanunua kitu kimoja tu. Ama injini ya michoro, ambayo kwayo mteja atalizungusha kochi kwenye simu yake mpaka alione mgongoni. Ama huduma ya otomatiki, ambayo itajibu ujumbe wa wateja na kupeleka oda stoo yenyewe, bila mtu kugusa kitu. Atakayemshawishi Bosi ndiye atakuwa Mkuu wa Kitengo cha Tovuti.

Mkuu! Mimi, ambaye miaka yote hii meza yangu imepakana na choo cha wateja!

Yule mwenzangu wa mauzo, tunayemwita Miwani kwa sababu huvua miwani kila akitaka kuonekana ana busara, akavua miwani, akasema otomatiki. Papo hapo nikajua mimi ni mtu wa injini ya michoro. Inafanyaje kazi, sijui. Haidhuru. Kati ya kitu kinachozunguka na kitu kisichoonekana, nani atachagua kisichoonekana?

Jumanne, 5 Machi

Nimefanya onyesho la majaribio mbele ya ofisi nzima. Kochi la kijani limezunguka! Bosi kapiga makofi. Kisha likagoma kusimama. Likazidi kushika kasi, mpaka Bosi akasema anaona kizunguzungu na kuomba maji. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo nguvu yenyewe ya teknolojia.

Kwenye simu yake kochi halikufunguka kabisa. Nikasema tatizo ni simu. Akasema simu ni mpya. Nikasema ndilo tatizo lenyewe. Miwani kacheka chini chini. Acheke tu. Kwa jinsi Bosi alivyopiga makofi yale ya mwanzo, ukuu uko mfukoni mwangu.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua siri ya Miwani. Bosi hutuma ujumbe kwenye kundi la ofisi mchana kutwa, na anampenda mno anayejibu wa kwanza. Miwani hujibu kama aliyelala na simu kifuani. Mimi nikija kujibu, mada imeshabadilika.

Basi nimekula njama na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi kompyuta. Tumeichukua ile ile huduma ya otomatiki, kwa majaribio ya bure, tukaiunganisha na simu yangu. Sasa Bosi akiandika lolote, simu inajibu yenyewe: “Wazo zuri sana, Bosi! Naunga mkono moja kwa moja.” Kumpiga Miwani kwa fimbo yake mwenyewe! Raha iliyoje!

Shemeji akauliza itakuwaje Bosi akiandika jambo baya. Nikamwambia mabosi hawaandiki mambo mabaya. Mke wangu naye akadakia: kama kitu chenyewe ni kizuri hivyo, mbona nakipinga kazini? Nikamwomba asichanganye mambo.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi mtupu! Bosi kaandika taa za stoo zizimwe mchana: wa kwanza kujibu, mimi. Kaandika viti vya plastiki visogezwe mlangoni: mimi. Miwani anahema tu. Kaandika anatafuta mtu wa kuja Jumapili kupanga makabati stoo: mimi tena, wa kwanza na wa mwisho, maana hakuna mwingine aliyejibu.

Alasiri roho iliniruka. Bosi kaandika kwamba mama mkwe wake kateleza bafuni na kuumia mguu. Simu yangu ikamwambia wazo zuri sana, naunga mkono moja kwa moja. Nikaitwa ofisini. Kafunga mlango. Nikaanza kumuaga mke wangu moyoni. Kumbe! Bosi akaninong’oneza kwamba katika ofisi nzima ni mimi pekee ninayemwelewa. Akanipa na biskuti.

Jumapili, 10 Machi

Makabati. Makabati matupu, lakini yana uzito wa walioshiba. Mgongo umekufa. Katikati ya kabati moja na jingine nimeandaa hotuba ya kutetea injini ya michoro. Kali! Nimemsomea mlinzi, akatikisa kichwa kwa mshangao.

Jumatatu, 11 Machi

Nitaandika haraka.

Nilikuwa napanda ngazi, hotuba mkononi, simu mfukoni. Kufika ukumbini, watu wote wakasimama na kunipigia makofi. Nikainama, nikashukuru, nikapunga mkono. Ndipo Bosi akaeleza. Asubuhi aliandika kwenye kundi kwamba anafikiria kuchukua otomatiki na kumpa Miwani ukuu, ila anataka kwanza kunisikia mimi, mpinzani wake. Moyoni alikuwa bado na lile kochi. Ningetia neno moja tu la kupinga, angechagua injini ya michoro na mimi ningekuwa Mkuu. Badala yake nikamjibu pale pale kwamba ni wazo zuri sana. Ajabu ya moyo mkubwa, akasema Bosi.

Miwani akanikumbatia, machozi yanamtoka. Na mimi nikalia, tena kwa uchungu hasa. Wakasema hawajawahi kuona mtu anayefurahia hivyo baraka ya mwenzake.

Jumanne, 12 Machi

Nimetafakari sana, nimeliona kosa. Otomatiki haina tatizo lolote. Tatizo lilikuwa lile jibu: lilikuwa laini mno! Mtu mpole haogopwi.

Shemeji amekuja jioni, amerekebisha. Sasa kila Miwani, huyo Mkuu mpya, akiniandikia, simu itamjibu: “Hapana! Napinga moja kwa moja, wala usirudie kuniuliza.” Shemeji kauliza kama nina hakika. Nikacheka kwa sauti mpaka mke wangu akaja kuchungulia.

Na tazama, imeanza kazi! Miwani kaandika sasa hivi. Ujumbe mrefu huo! Kitu kuhusu kukumbuka wema wangu, chumba changu peke yangu chenye dirisha, na kama nitakubali kuwa Mkuu Msaidizi kabla hajampa mwingine. Sijamaliza kusoma, wala hakuna haja. Nimeshamjibu, tena kabla ya mtu yeyote.