Achari Iliyokataliwa Jalalani

Jumatatu, 5 Mei
Taqwa anaota jino. Sikulala. Achari nayo imeharibika, pipa zima la bluu. Ndimu zinaelea na kutoa povu kama mtu aliyekasirika. Mvua ilinizuia kuzianika vizuri, nikasema zitajikaukia humo humo kwenye chumvi. Hazikujikaukia. Mama yangu na bibi yangu waliuza achari hapa hapa Kasubi, na hakuna aliyewahi kuharibu pipa.

Hajati Rukiah, mwenye nyumba, alisimama uani akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Akasema basi huyo asiyekufa awe ametoka kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, maana kesho yake mjukuu wake anaolewa na wageni watakaa uani. Pipa likibaki, jiko langu la nyuma anampa Bibiane.

Jiko hilo ndilo linalotulisha. Mume wangu, Baba Rayyan, yuko Arua na lori, anarudi akirudi.

Bibiane ni jirani yetu, Mkongo, anapika sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya kuuza. Leo nimemwona akilipima jiko kwa macho.

Jumanne, 6 Mei
Gari la taka. Nililifunga pipa kwa kamba, nikalipaka majivu lionekane kavu. Mumbere, mkubwa wa gari, akaligonga kwa kidole. Likajibu.

"Nyabo, mama yangu, pipa kavu halisemi," akasema.

Akanieleza kwa upole kwamba jalala halipokei majimaji, hata yaliyofungwa. Pipa likilaliwa na mzigo linapasuka, maji yanashuka ardhini, yanatokea kwenye visima vya watu wa bondeni. Nikamwuliza, na zile chupa za watu zenye soda kidogo chini? Akasema chupa ndogo za nyumbani, za kawaida, hizo zinapita. Halafu akasema lipo gari la kunyonya vyoo, ndilo linalopeleka majimaji mahali pake, niongee na mwenye nyumba.

Hapo sikumsikiliza. Nilikuwa bado kwenye chupa ndogo.

Jumatano, 7 Mei
Nimekusanya chupa mtaa mzima. Kujaza achari kwa kikombe, mtoto mgongoni, ni kazi. Rayyan, mkubwa wangu, alitaka kuonja. Nikamkataza mara moja tu, kwa jicho.

Bibiane akapita. "Mama Rayyan, unafungua famasi?"

Nikamwambia ndiyo, na dawa ya umbea ipo.

Ijumaa, 9 Mei
Mumbere aliyatazama magunia yangu ya chupa. Akauliza nyumba hii ina watu wangapi. Nikasema mimi na watoto wawili, ila tunakunywa sana. Vijana wake walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Amesema chupa inayopita ni ya mtu aliyekunywa akasahau, si ya mtu aliyekaa akapanga.

Nimezimwaga zote tena pipani. Bibiane alikuja akanishikia chupa. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Jumanne, 13 Mei
Odoch, fundi seremala wa barabarani, alinipa vumbi la mbao. Nikachanganya ndoo moja ya majaribio. Ikasimama kama ugali wa posho. Nilijisikia msomi.

Mumbere akaomba chujio langu la chai. Akaweka donge humo, akaliweka juu ya kikombe, tukasubiri wote na vijana wake kama watu walio kliniki. Kikombe kikavu. Nikaanza kumshukuru Mungu. Likadondoka tone. Halafu la pili.

"Linalia," akasema.

Chai yetu sasa ina ladha ya mninga.

Jumatano, 14 Mei
Asubuhi nimembadilisha Taqwa. Nepi ilikuwa nzito kama mtoto wa pili, lakini juu kavu kabisa. Nikakaa kitandani nikaitazama kwa muda. Nikajaribu nyingine kwa maji ya bomba. Ilikunywa jagi zima. Nikaikamua. Haikurudisha kitu.

Jumanne nzima nilikuwa nahangaika na mbao, na jibu liko makalioni mwa mwanangu.

Nimetumbukiza pipani nepi zote zilizokuwemo nyumbani.

Ijumaa, 16 Mei
Nepi haipendi chumvi. Maji matupu inakunywa, achari inaonja tu na kuacha. Zote zimelala pipani, zimevimba kidogo, katikati ya ndimu. Taqwa amevaa kipande cha kanga tangu juzi.

Mumbere alichungulia tu, akanipa mkono kama tuko msibani.

Alasiri Hajati akaja, Bibiane nyuma yake. Nikajua. Nikachukua kitambaa, nikaanza kulifuta jiko, angalau Bibiane alichukue safi. Geti likafunguliwa, likaingia gari la kunyonya vyoo. Hajati alikuwa ameliita kwa ajili ya harusi. Bibiane ndiye aliyemwomba linyonye na pipa langu.

Dereva alisema vitu vigumu vitoke kwanza, vitaziba bomba. Basi tukakunja mikono, mimi na Bibiane, tukaopoa ndimu na nepi moja moja. Aliniambia hilo jiko halitaki hata bure, moshi wake wote unaingia kwake. "Nilitaka kupumua tu, mama." Nikasema asante. Ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Pipa limenyonywa hadi tupu. Hajati amesema jiko linabaki kwangu, ila achari uani mwake basi. Nimeapa mbele ya wote wawili.

Jumapili, 18 Mei
Harusi imepita salama. Bi harusi alipendeza, na wageni walinukia pilau.

Kiapo ni kiapo. Achari sigusi tena. Lakini Hajati hakutaja sabuni ya maji. Sabuni haiozi, inanukia, na kila mtu anaoga. Nimekoroga pipa la kwanza leo watoto wakiwa wamelala.

Haitoi povu. Imekaa tu, ya kijani, inavutika. Nimeongeza maji. Sasa imejaa mpaka juu na bado haitoi povu.

Sina wasiwasi. Jumanne Mumbere akiuliza, nitamwambia ni uji. Uji si majimaji. Uji ni chakula.