Mheshimiwa Tesch na Jibini Iliyonyamaza

Hakuna mtu mwenye akili zake hapa Wisconsin anayeweza kuwaandikia watu elfu tisa kwamba kutengeneza jibini ni kazi ya mchana mmoja. Mheshimiwa Verlyn Tesch aliandika. Najua, kwa sababu niliyechapa ni mimi.

Naitwa Marlys Brekke, katibu wake. Mwaka wa kumi na nne huu namchapia barua ya kila wiki kwa wapigakura, ile iitwayo "Kutoka Mezani kwa Mbunge Wenu". Nusu ya kwanza ni sera ya nguvukazi: viwanda vinakosa wafanyakazi, wafanyakazi wanakosa mafunzo, na Mheshimiwa halali kwa kuwawazia. Nusu ya pili ni mambo ya hapa Krumhold: nani katimiza miaka tisini, ng'ombe wa nani kaokotwa barabarani, mlo wa samaki wa Ijumaa kanisani unaanza saa ngapi. Wiki moja tulisahau kuandika saa ya samaki, simu zikalia hadi Jumatatu. Wiki nyingine nusu ya nguvukazi haikuchapwa kabisa, na hakupiga hata mtu mmoja.

Sasa sikiliza mkasa wenyewe. Katika miaka hiyo yote bunge la jimbo halijawahi kupitisha muswada wa Verlyn Tesch. Hata mmoja. Hata ule wa kuliita daraja kwa jina la babu yake ulifia kwenye kamati, na lile daraja halina jina mpaka leo. Wabunge wenzake wana sheria zao, wanazitaja kwenye harusi na misiba. Yeye akifika misibani anasalimia tu na kukaa.

Ndipo akaja na Muswada wa Nguvukazi Chapuchapu. Kwetu huwezi kutengeneza jibini ya kuuza bila leseni, na leseni huipati mpaka uwe mwanagenzi chini ya fundi mwaka mmoja na nusu. Mheshimiwa akaona hapo ndipo penye uchawi. Muswada wake ulisema mafunzo yawe siku moja, na jioni mtu aende nyumbani na leseni yake. Kwenye barua akaniambia niandike: "Mimi mwenyewe, ambaye kabla ya siasa nilikuwa nauza bima ya mvua ya mawe, naweza kuifanya kazi hiyo mchana mmoja, na mkila mtadhani mmeletewa na malaika."

"Hapo kwenye malaika tupunguze, Mheshimiwa," nikasema.

"Ongeza 'wawili'," akasema.

Barua ilitoka Jumatano. Alhamisi asubuhi Ardis Wojak akaingia ofisini na mabuti yake ya mpira. Ardis ndiye fundi mkuu wa kiwanda chetu cha jibini, ana leseni miaka thelathini na moja, na amesoma darasa moja na Verlyn tangu wakiwa hawajui kufunga kamba za viatu.

"We Verlyn, hii barua umeandika wewe au umerogwa?"

"Dada Ardis, mimi nakutetea. Unalia kila siku huna watu."

"Nalia sina watu wanaojua. Wasiojua ninao tele, mmoja nimekuja kuongea naye."

Hapo ndipo sharti lilipowekwa. Jumamosi ilikuwa Siku ya Maziwa, na mwenyekiti wa Kamati ya Nguvukazi, Bi. Delphine Ostrander, alikuwa anakuja kutoka Madison, kwenye bunge la jimbo. Kamati ingepiga kura Alhamisi inayofuata, na wajumbe wote hutazama mkono wa mama huyo kabla ya kuinua wao. Baada ya Alhamisi bunge linafungwa, na muswada usiopita unakufa. Basi Mheshimiwa atengeneze vidonge vya jibini mbichi, yaani vipande vya mgando vinavyoliwa kabla ya kushindiliwa, kwa mikono yake, Bi. Ostrander ale hadharani, aamue.

"Sheria inataka fundi mwenye leseni awepo," Ardis akasema. "Nitakuwepo."

"Uwepo, lakini usinifundishe. Ukifungua mdomo tu, watu watasema kazi umefanya wewe."

"Sitasema neno."

"Hata moja?"

"Verlyn, nimeshasema."

Tatizo likawa ratiba. Jumamosi saa mbili asubuhi kuna chapati za maji kwenye kituo cha zimamoto, saa nne gwaride la matrekta, saa sita ndiyo kuonja. Jibini inakula saa nyingi. Ardis siku kama hiyo huamka alfajiri na kuanza kabla jogoo hajajikohoza. Nikamwambia Mheshimiwa aache chapati.

"Nikose chapati za zimamoto mwaka wa uchaguzi? Dada Marlys, unataka nirudi kwenye mvua ya mawe?"

Akaamua atafanya kazi yake Ijumaa mchana.

Alifika kiwandani kavaa suti. Wakamvika aproni, kofia ya wavu kichwani, na wavu mwingine wa masharubu, maana ana masharubu ambayo yanajitegemea. Maziwa yakamiminwa kwenye beseni la chuma ambalo ungeweza kuogeshea ndama wawili. Akatia dawa ya kugandisha, akasubiri, akakata mgando, akakoroga. Dakika ya arobaini tai yake ikanaswa na mkono wa mashine ya kukorogea. Mashine ikazunguka na yeye akazunguka nayo, raundi mbili, mpaka Ardis akachukua kisu akaikata tai chini ya kidevu. Hakusema neno. Alimkabidhi kipande na kurudi kusimama pale pale ukutani.

Na hapa lazima niwe mkweli, ingawa inaniuma. Vidonge vilitoka vizuri. Vyeupe, vinene kama kidole gumba, chumvi imekaa. Mheshimiwa akatia kimoja mdomoni kikiwa bado na joto, akauma, kikalia kwii, kama raba mpya kwenye sakafu iliyopigwa deki. Machozi yakamlengalenga. Nilimwonea huruma, wallahi. Miaka kumi na nne, na sasa kitu alichokifanya mwenyewe kinaitika.

Maana kwetu kidonge cha jibini mbichi hakiulizwi ladha kwanza. Kinaulizwa mlio. Kikilia kwenye meno, ni cha leo. Kisipolia, ni jibini tu, na jibini tu unaweza kununua hata kwenye kituo cha mafuta. Mtoto wa hapa anajua pia kinachoua huo mlio: baridi. Ukitia vidonge kwenye friji usiku mmoja, asubuhi vimekuwa mabubu.

Lakini Mheshimiwa maisha yake yote hula vya kukaangwa, baa, pamoja na bia. Vya kukaangwa havilii. Ile Ijumaa ndiyo mara ya kwanza alikisikia kimoja tangu utoto, na akadhani mlio ni wa kudumu, kama wa kengele.

Akabeba ndoo nne za vidonge, akaelekea chumba cha baridi. Mimi nilikuwa nje, nabishana na watu wa zimamoto kuhusu aproni yake ya kesho. Haya nimesimuliwa na Ardis. Anasema alimwona anafungua ule mlango mzito, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Mheshimiwa akainua kidole. "Dada Ardis. Tulikubaliana nini?"

Ardis akafunga mdomo.

"Usalama wa chakula," Mheshimiwa akamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha kazi. Akafunga mlango kwa bega.

Jumamosi akala chapati kumi na moja. Akapungia matrekta mkono. Saa sita kamili akasimama kwenye jukwaa la uwanja wa maonyesho, tai mpya shingoni, vidonge vimepangwa kwenye sinia, na watu mia tatu wanatazama. Akahutubia nguvukazi dakika kumi na saba. Kisha sinia likapita kwa Bi. Ostrander na kwa mzee Pribyl, mfugaji aliyetoa maziwa, na kwa watu wa safu ya mbele.

Wakauma.

Sijawahi kusikia uwanja umenyamaza vile. Watu thelathini wanatafuna, na husikii kitu. Mtoto mmoja nyuma akakohoa, watu wote wakageuka kumtazama kwa matumaini.

Sasa watu wetu wana adabu ya kuua mtu. Chakula kikiwa kizuri wanasema "si kibaya". Kikiwa kibaya hawasemi kibaya, hata uwashikie bunduki. Mzee Pribyl akameza, akajifuta mdomo taratibu, akamtazama Mheshimiwa kwa upendo wote wa jirani.

"Verlyn," akasema, "ni tofauti."

Mama wa pembeni akaitikia: "Tofauti kwa kweli."

"Mimi sijawahi kula kama hivi," akasema mwingine.

Mheshimiwa amezaliwa hapa hapa, alielewa kila neno. Rangi ilimtoka usoni kuanzia masikio. Akachukua kidonge, akauma, akasikiliza. Akachukua cha pili, akauma kwa meno ya upande mwingine.

"Jana vililia," akasema. "Dada Ardis, si vililia jana? Sema."

"Naruhusiwa?"

"Sema, tafadhali."

"Vililia. Kisha ukavitia kwenye friji."

Safu ya mbele yote ikasema "aaah" kwa sauti ya msibani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisifungue mdomo. Nikaufungua, ukanionyesha kidole. Mwanagenzi wangu angelijua hilo wiki ya kwanza, Verlyn. Wiki ya kwanza namfundisha ndoo na friji. Jibini yenyewe tunaifikia baadaye."

Bi. Ostrander alikuwa anaandika kwenye kijitabu. Aliandika muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Alhamisi tukaenda kamatini Madison. Mheshimiwa alikaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Bi. Ostrander akasema ameupenda muswada, ila ana marekebisho madogo. Akasoma. Mafunzo ya fundi jibini yabaki kama yalivyo. Na mbunge yeyote anayetaka kupunguza mafunzo ya kazi yoyote, kwanza ayamalize yeye mwenyewe, yote, chini ya fundi mwenye leseni, kuanzia na mbunge aliyeleta hoja hii.

"Una njia mbili, Mheshimiwa Tesch," akasema. "Uyakatae marekebisho na muswada ufe leo, au upite hivi ulivyo. Ukipita utaitwa Sheria ya Tesch."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nilimkanyaga tena. Nikamnong'oneza, "Mheshimiwa, uache ufe, nakuomba." Hakunisikia. Midomo yake ilikuwa inalirudia lile jina polepole, na mkono wake ukapanda kabla ya mikono yote.

Ulipita bila pingamizi, kamatini na bungeni. Gavana alitia saini, Mheshimiwa akapewa kalamu, na picha ipo ukutani kwetu, anacheka mpaka magego yanaonekana.

Huu ni mwezi wake wa nne wa uanagenzi kiwandani kwa Ardis. Jana nilimpigia simu kuhusu barua ya wiki, nusu ya nguvukazi ilikuwa bado tupu. Simu iliita sana. Ilipopokewa nikasikia maji yanamwagika na ndoo zinagongana.

"Dada Marlys, andika chochote," akaninong'oneza. "Siwezi kuongea, Dada Ardis anapita. Akinikuta na simu karibu na maziwa ananirudisha mwezi wa kwanza."