Bei Moja Mpaka Lijae

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Leo nimepata akili ya utajiri. Gari lisilo na mlio limesimama mbele ya kibanda changu. Dereva kachoka, shati limelowa. Akaniuliza kama Nyamwage kuna pa kuchajia gari la umeme. Anasema huko alikotoka mashine ya kwanza ilitaka kadi ya kampuni yao. Ya pili ikataka programu yao ya simu, na programu ikataka namba ya siri ambayo haikufika. Sasa anarudi Dar mdogo mdogo, kiyoyozi kakizima ili afike.

Mimi nachaji simu za watu hapa mwaka wa tisa! Simu moja mia tatu, iwe kubwa iwe ndogo. Unaacha asubuhi, unachukua jioni. Hakuna kadi, hakuna programu. Na gari ni nini? Ni simu yenye viti. Shilingi elfu tano, kwisha.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeandika kibao kwa mkono wangu, rangi nyekundu: CHAJI GARI LA UMEME, 5,000, BEI MOJA MPAKA LIJAE. Mke wangu Biasha akauliza nitachomeka wapi, maana soketi ya barazani ni ya friza lake. Humo mna kilo thelathini za kamba wa baharini kutoka Maparoni, kwa harusi ya binti wa Mwanajuma wa Ikwiriri, Jumamosi. Oda yake kubwa ya kwanza. Kauza cherehani kuwanunua. Akaniapisha nisiliguse friza. Nikaapa. Wakati naapa nilikuwa na nia kabisa.

Sihaba, mwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, alikisoma kibao kwa sauti, akauliza kama nachaji na matrekta. Wivu! Mchana akatoa benchi, akaliweka kivulini kutazamana na kibao changu. Uchokozi mtupu.

Jumatano, 10 Septemba
Biasha kaenda Ikwiriri kwenye maandalizi ya harusi. Saa tatu asubuhi, mteja! Bwana Twalha, yuko njiani kwenda Lindi, chaji karibu imkatikie. Akauliza uniti moja nauza bei gani. Nikamweleza sisi hatuuzi kwa uniti, tunauza kwa gari. Akauliza tena, taratibu, kama kweli ni mpaka lijae. Nikamwambia asome kibao. Alilipa haraka mno.

Nikachomoa friza. Kwa muda mfupi tu! Simu hujaa kwa saa mbili, gari nikalikadiria tatu.

Alasiri: asilimia thelathini na moja. Twalha yuko benchini kwa Sihaba. Kanywa supu, kala chapati nne, kala wali na samaki, kashushia soda tatu. Mimi nampelekea maji ya baridi kutoka kwenye friza, bure, asije akachoka kusubiri. Kila nikifungua naona kamba wanatoka jasho. Nafunga haraka nisiwaone.

Jioni luku ikaanza kulia. Nikanunua umeme wa elfu kumi. Kuna kitu hakiko sawa kwenye biashara hii, ila sijajua ni kipi.

Alhamisi, 11 Septemba
Twalha kalala chumba cha wageni cha Sihaba. Kalipa huko, kanywa chai huko. Luku imelia tena! Nikanunua tena, kisha nikamwomba aongeze chochote. Hakubishana. Alininyooshea kidole kwenye kibao, kwa adabu zote. MPAKA LIJAE. Mwandiko wangu mwenyewe!

Saa tano likajaa. Akanishukuru sana, akasema atawaambia wenzake wote wenye magari ya umeme. Nikampungia mkono mpaka akapotea, nikaingia ndani, nikalala usingizi wa mshindi.

Friza sikulichomeka.

Ijumaa, 12 Septemba
Biasha karudi kuchukua kamba. Alifungua friza, akasimama pale. Siku zote huniita Baba Yasmin. Leo kaniita Mwinjuma. Bora angepiga kelele.

Nimefukia kilo thelathini nyuma ya nyumba, harufu haijanitoka. Msikitini, jirani yangu Saidy, tunayesali bega kwa bega miaka yote, kahamia safu ya nyuma.

Biasha alivuka barabara kwenda kwa Sihaba. Sihaba katoa samaki wake wote na kuku wake wote, oda ikaokoka. Na Biasha atamfanyia kazi jikoni mpaka Ramadhani. Nimemwona kavaa aproni ya Sihaba. Imeniuma, nasema kweli. Nimeapa kukitoa kibao.

Jumapili, 14 Septemba
Harusi imepita salama, wamesifu kuku. Asubuhi nikashika nyundo nikang'oe kibao. Mara magari matatu yakasimama. Wenzake Twalha! Wote wanaulizia ile bei moja.

Hapo hapo nikaliona kosa langu. Kutoza kwa gari ni ujinga! Simu haina tairi, gari lina manne. Nikafuta, nikaandika upya: TAIRI MOJA 1,500, MPAKA LIJAE. Tairi la akiba bure, nisionekane mroho. Wamelipa haraka mno.

Benchi la Sihaba limejaa. Biasha ananitazama kutoka ng'ambo, mwiko mkononi, anatikisa kichwa. Sijui ana wasiwasi gani. Friza tupu, soketi iko wazi.