Kibali cha Kuwa Babu

Kaunti ya Hagewood, huko milimani Kentucky, ina furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu hakuna marehemu atakayeruhusiwa kuendelea kuwa babu wa mtu yeyote bila kibali.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa mahakama, kwenye duka la mbolea na, kwa kuwa wahusika wakuu walikuwa marehemu, kwenye malango ya makaburi. Aliyelitia sahihi ni Mheshimiwa Carlisle Hagewood, Mwenyekiti wa Tume ya Uhakiki wa Mababu, mtu aliyefunga tai hata akienda kuvua samaki. Nia yake ilikuwa safi. Wananchi walikuwa wamezoea kujiokotea mababu ovyo. Mtu anaamka, anakunywa kahawa yake, anadai babu wa babu yake aliingia milima ile kabla Marekani yenyewe haijazaliwa, na hakuna wa kumwuliza. Huo, kwa macho ya Mwenyekiti, ulikuwa uholela.

Yeye mwenyewe hakuwa na shida hiyo. Babu yake alikuwa Kapteni Lemuel Hagewood, mwasisi, ambaye kaunti nzima ilibeba jina lake. Kaburi la Kapteni halikujulikana lilipo, na kumbukumbu za zamani ziliteketea pale mahakama ilipochomwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tume ilikaa, ikatafakari, ikaamua kwamba karatasi zilizoungua zihesabiwe kuwa ziliandika yale ambayo familia ya Mwenyekiti inayakumbuka. Wajumbe waliafiki kwa kauli moja. Wengi wao walikuwa shemeji zake.

Kwa raia wengine utaratibu ulirahisishwa: walete tu cheti cha kuzaliwa cha babu, kilichotolewa na kaunti, hata kama babu alizaliwa kaunti haijakuwapo.

Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka alipoingia Bi Vesta Crabtree.

Bi Vesta alikuwa mjane mkavu, mfupi, aliyemfundisha Mwenyekiti shule ya Jumapili na ambaye mpaka leo alimtazama kama mtoto aliyekamatwa akila chaki. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kilima, na juu ya kilima makaburi ya ukoo. Huko walilala akina Crabtree wote, kuanzia Obadiah, chini ya jiwe la shambani lisilo na maandishi, hadi mumewe Hobart, na pembeni ya Hobart mtoto wao wa kike aliyeondoka hata kutembea hajajua. Kaunti ilikitaka kilima kile kiwe maegesho ya magari kwa ajili ya Tamasha la Waasisi. Sheria ilikuwa wazi: makaburi ya familia za waasisi hayaguswi, mengine yote yatahamishiwa eneo tulivu lenye nafasi, jirani na dampo.

Mwenyekiti alimkaribisha kiti, akamwuliza kiko wapi cheti cha kuzaliwa cha Obadiah.

"Carlisle, mwanangu," alisema Bi Vesta, "mtu kazaliwa msituni, mfalme wa Uingereza bado ndiye bosi wetu. Cheti angepewa na nani, dubu?"

"Dubu si mamlaka inayotambulika," alijibu Mwenyekiti, akaandika kwamba mwombaji ameegemea ushahidi wa mnyama.

Wiki iliyofuata Bi Vesta akaja na Biblia ya ukoo, yenye majina ya waliozaliwa na waliokufa, wino juu ya wino. Tume iliipokea kwa heshima na kuikataa kwa heshima ileile. Majina yaliandikwa na ndugu wenyewe, yaani watu wenye maslahi, na mwandishi wa kitabu hakuweza kufika kuhojiwa.

Bi Vesta alifunga Biblia yake taratibu. "Mimi sikuombi ukubwa, Carlisle. Yule mtoto nilimlaza pale kwa mikono yangu. Sitaki alale na takataka."

Mwenyekiti aliguswa. Alimweleza kwamba kwa kesi za kugusa ipo fomu maalumu, ila kwa sasa zimekwisha.

Mei ikafika. Jumapili moja ya Mei, watu wa milima ile hupanda makaburini kupalilia, kuweka maua na kula chakula cha mchana papo hapo, katikati ya marehemu wao, kana kwamba wamewatembelea sebuleni. Akina Crabtree walitandika mablanketi yao ya viraka, wakapanga kuku wa kukaanga, maharage na mkate wa mahindi. Mwenyekiti naye akafika, na Tume yake, na mwandishi wa gazeti la mjini, na kopo la rangi nyekundu la kutia alama mawe yanayohamishwa. Hakuona ubaya wowote kufanya kazi ya serikali mbele ya watu wanaokula. Uwazi ni nguzo ya utawala bora.

Alikuwa ameshapaka rangi mawe kadhaa alipomkuta Dorsey, mpwa wa Bi Vesta, akisoma mawe yaliyofutika. Kule wanasoma kwa kioo: unakishika ubavuni, jua linateleza juu ya jiwe, na herufi zilizokufa zinasimama kwa kivuli chake. Dorsey alikuwa pembezoni kabisa, mbele ya jiwe lililozama ardhini hadi shingoni. Mwenyekiti akainama. Akasoma: LEMUEL HAGEWOOD.

Kopo la rangi likamwangukia kiatuni. "Kapteni," alisema, akavua kofia.

"Ila huyu kalala mtambuko, Mheshimiwa," Dorsey alisema huku akijikuna.

Ni kweli. Wote pale walilala miguu ikielekea mawio, ili siku ya kufufuka wainuke wakilitazama jua. Huyu peke yake alikata kaskazini kwenda kusini. Katika milima ile kila mtu anajua ni watu gani hulazwa hivyo, lakini si jambo la kusemwa wakati wa kula.

Mwenyekiti hakukosa maelezo. Kamanda, alisema, hulala mtambuko ili awalinde walio nyuma yake. Ni mpangilio wa kijeshi. Mwandishi akaandika, na Mwenyekiti akatoa kalamu athibitishe kaburi.

Bi Vesta alifuta mikono kwenye aproni. "Carlisle, usitie sahihi kwanza. Lichimbueni jiwe lote, ndipo uandike."

Huyu ndiye aliyemfundisha Carlisle tangu akiwa mdogo, na alijua vizuri Carlisle akikatazwa jambo hufanya nini. Tume iliketi kwa dharura kuzunguka boneti ya gari. Ikathibitisha kwamba kaburi ni la mwasisi, kwamba Mwenyekiti ni damu yake halali, na kwamba kilima chote ni kitakatifu, asihamishwe mtu wala kokoto. Kwa mkono wake Mwenyekiti akaongeza kwamba uamuzi huu hautenguliwi na mahakama yoyote, wala na Tume yenyewe. Shemeji wakapiga makofi.

Ndipo akaamuru jiwe liinuliwe, Kapteni apigwe picha kwa ukamilifu wake. Dorsey alichimba, akafuta udongo, akashika kioo. Mwandishi wa gazeti, kwa kuwa alikuwa karibu na macho yake yalikuwa mazima, akasoma kwa sauti:

"Alinyongwa kwa kuiba farasi chongo wa Obadiah Crabtree, mwenye shamba hili. Kazikwa hapa kwa hisani ya mwenye farasi."

Meno yaliyokuwa yakitafuna yakasimama. Shemeji mmoja alikohoa, akauliza kama haiwezekani kulikuwa na Lemuel mwingine. Shemeji wa pili akamkumbusha kwa kunong'ona kwamba haiwezekani tena, imeshathibitishwa. Mwandishi aliomba kurudiwa tahajia ya jina la Mwenyekiti, asije akakosea ukurasa wa mbele.

Mwenyekiti alisimama na kofia mkononi, kiatu kimoja chekundu.

"Bi Vesta," aliuliza chini chini, "mlikuwa mnajua?"

"Wote tunajua, tangu zamani. Wazee walitukataza kuwatania nyie kwa hilo. Walisema watoto hawana kosa." Alijisogeza kidogo kwenye blanketi, akaweka paja la kuku kwenye sahani, akamnyooshea. "Walitukataza kusema tu. Kusoma hawakumkataza mtu. Haya, kaa ule, mwanangu. Farasi alipatikana."