Neno la Kumtuliza Shahidi

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya mama mwenye nyumba imesukumwa chini ya mlango. Jumamosi saa nne asubuhi atakuja kumwona mbwa wetu, Shahidi, kwa macho yake mwenyewe. Shahidi akimbwekea, aondoke, au tuondoke naye. Anasema amepata malalamiko. Hakutaja ya nani. Hana haja. Ni fundi cherehani wa chumba cha pili, ambaye tunatenganishwa naye na ukuta unaopitisha hata chafya. Wiki iliyopita mteja wake alipanda juu ya meza, pini zote mwilini, eti kwa sababu Shahidi alibweka. Kwani nani alimwambia apande?

Mimi ni karani wa masijala, mwaka wa kumi na tisa huu. Najua kwamba jambo lisilo na faili halipo. Nimefungua moja: FUNDI/1. Mke wangu kauliza la nini. Nimemwambia ni siri. Kasema basi nisingeliandika kwa herufi kubwa hivyo.

Jumanne, 4 Machi
Kwa daktari wa mifugo. Shahidi kaibwekea mizani, kalibwekea pazia, kambwekea na paka wa kwenye picha ukutani. Daktari anasema mbwa huyu si mkorofi, ana woga. Tukiona mtu, tukae mbali. Shahidi akimtazama na kunyamaza, nimpe kipande cha nyama papo hapo, kisha tugeuke twende zetu.

Nyama kabla ya kosa! Hiyo ni rushwa, na mimi ni mtumishi wa umma. Nimemweleza mbinu yangu: namwacha abweke kwanza, namwambia "Tulia", ndipo nampa nyama asahau. Mwezi wa pili sasa. Hajabadilika, ila ananenepa. Daktari kamtazama mke wangu, kisha kaitazama dari. Nimeandika.

Jumatano, 5 Machi
Matembezi kabla ya kazi, kwa njia ya nyuma ya karakana, kukwepa macho ya watu. Ikapita baiskeli. Kabweka, nikasema "Tulia", nikampa nyama. Ukapita mwavuli. Vilevile.

Kisha jambo la ajabu. Kando ya njia baba mmoja alikuwa akimfunga mwanawe kamba za kiatu. Hana baiskeli, hana mwavuli. Shahidi kampita kimya kabisa. Mara yule baba akamwambia mtoto, tulia. Shahidi akaruka na kubweka hadi kamba ya shingo yake ikanichubua kiganja. Mtoto kakimbia na kiatu kimoja, na baba kaniambia maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye faili.

Nilipotulia nilikumbuka suruali yake. Pindo zuri mno. Kazi ya fundi yule yule! Kumbe ana watu wake hadi barabarani.

Alhamisi, 6 Machi
Ushahidi umepatikana. Nimeomba ruhusa kazini, nikabandika bilauri ukutani na sikio juu yake. Fundi anampima mteja. Tulia nikupime kiuno, anasema. Shahidi anabweka. Tulia, nyoosha mkono. Shahidi anabweka. Mara nane! Anamchokoza mbwa wangu makusudi, tena kwa neno langu mwenyewe.

Nikaenda kumkabili. Nikamwambia najua. Akauliza najua nini. Nikamwambia anajua ninachokijua. Akasema yeye amesema tulia tangu mbwa wangu hajazaliwa, maana mteja asipotulia suruali hutoka na mguu mmoja mfupi. Kisha akaitazama miguu ya suruali yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Niliporudi, mke wangu alikuwa jikoni, mwiko mkononi. Hakuna mgeni, hakuna baiskeli. Akalitamka lile neno polepole. Shahidi akabweka hadi vifuniko vya sufuria vikalia. Akaniuliza, baba, ni nani amemfundisha hivi? Nikamwambia ndicho ninachokichunguza.

Jumamosi, 8 Machi
Niliamka na hofu, sitaficha. Shahidi nilimwokota chini ya ngazi za ofisi, akienea ndani ya boksi la faili. Ndiye pekee anayeruka kwa furaha nikirudi kazini. Mke wangu naye hufurahi, ila haruki.

Saa nne kamili mama mwenye nyumba akaingia. Mke wangu ndiye aliyeshika kamba, nyama mfukoni. Kila Shahidi alipomtazama mgeni akanyamaza, alipewa kipande. Rushwa mchana kweupe. Nikavumilia. Robo saa nzima, kimya. Mama mwenye nyumba akapokea chai, akatabasamu, akasema labda watu wanakuza mambo.

Furaha ikanizidi. Nikamwambia, ajionee mwenyewe jinsi mbwa alivyotulia.

Chai yote ikaishia kwenye gauni lake.

Mke wangu ndiye aliyetuombea wiki moja zaidi. Fundi kaja na kitambaa na maji, kalisafisha lile gauni, tena kashuhudia kwamba kupitia ukutani alisikia kimya cha robo saa. Kwa nini anatutetea? Anataka nini? Kurasa mbili zimeongezeka kwenye faili.

Jumapili, 9 Machi
Nimepata jibu! Kosa si la mbwa wala la mbinu. Neno letu limeibwa. Mke wangu anasema tuache maneno, tumlishe akinyamaza, kama jana. Jana! Jana tulishindwa.

Dawa ni neno jipya. La heshima, tamu, ambalo hakuna adui awezaye kuligeuza. Mke wangu alipokwenda kwa dada yake, nilikaa na Shahidi mlangoni mchana kutwa. Kila alipombwekea mpita njia, neno jipya, kisha nyama. Mara thelathini na mbili. Anashika haraka ajabu. Jioni nimelitamka mara moja tu, njia tupu, na kaliitikia kwa sauti yake yote. Amelipenda.

Sasa nina amani. Mama mwenye nyumba akipiga hodi Jumamosi, nitafungua mlango wote, Shahidi kando yangu, na nitamwambia neno hilo moja tu: Karibu.