Hali ya Chakula Si Haba

Jumatatu, 3 Februari 1913

Nimemaliza ripoti ya hali ya nchi. Nimeinakili mara nne mpaka haina tone la wino lililokaa vibaya. Nakala moja ni ya Bwana Mkubwa wa boma, ataituma Dar es Salaam. Ya pili naipeleka kwa gazeti la Kiswahili la pwani, lile ambalo mwezi uliopita lilichapa barua ya Mwalimu Filipo wa misheni, jina lake kamili chini. Filipo! Mtu anayeandika kama anayepasua kuni.

Nia yangu naiweka hapa, maana hapa hasomi mtu. Nafasi ya akida wa Makole, mkubwa wa majumbe wa huko, iko wazi. Akida hachaguliwi kutoka nchi yenye makelele. Basi nchi itakuwa tulivu, na utulivu wake utatoka kwenye kalamu yangu mimi, Mbaruku bin Mohamedi, karani wa boma la Dodoma.

Majumbe wameleta habari kavukavu. Eti watu wanauza ng'ombe kwa bei ya kutupa. Nimeandika: "Biashara ya mifugo imechangamka." Eti wanakwenda mpaka Kongwa kuhemea, mbuzi mzima kwa kikapu cha uwele. Nimeandika: "Wenyeji wanatembelea jamaa zao wa Kongwa." Eti wanachimba mizizi porini. "Wenyeji wamerudia vyakula vya asili." Hakuna uongo hata mmoja! Mwisho nikatia sentensi ninayoipenda kuliko zote: "Kwa jumla, hali ya chakula si haba."

Jumatano, 5 Februari

Mzee Yotham, jumbe wa Nkuhungu, amekuja kwa miguu. Kasikia kwamba ripoti imekwisha, akataka asomewe. Nikamsomea kwa sauti yangu nzuri. Akauliza neno njaa liko wapi.

Nikamweleza kwamba hilo ni neno zito, linawatisha watu wa mbali, mtu halitumii ovyo. Akasema na wao hawalitumii ovyo. Kwao Wagogo njaa kubwa hupewa jina kama mtu, na likishatolewa halifutiki. Watu huhesabia umri wao hapo. Yeye mwenyewe alizaliwa katika mojawapo, na mama yake hakuimaliza. Hii ya sasa bado haina jina, ndiyo maana amewahi. Chakula kikija mwezi huu, huenda isipate jina kabisa. Akaomba neno moja tu. Aliniita mwanangu.

Nusura niliandike. Kalamu niliishika, kweli. Lakini ukurasa ulikuwa safi mno, na mstari ule ungeharibika. Nikamwambia tutaliweka katika ripoti ijayo. Ameshatoka ndipo nikakumbuka kwamba sikumwamkia hata shikamoo.

Ijumaa, 7 Februari

Bwana Mkubwa amesoma. Amesema hajapata kuona ripoti isiyo na manung'uniko kama hii. Sahihi, muhuri, tayari! Filipo alikuwapo barazani, amekuja kulalamika kwamba watoto hawafiki shuleni kwa kukosa nguvu za kutembea. Bwana Mkubwa akamwonyesha ripoti yangu. Filipo aliisoma mpaka mwisho. Alinitazama tu, halafu akavaa kofia yake akaenda.

Ushindi. Ila mtazamo ule sikuupenda.

Jumapili, 16 Februari

Uji. Jana uji, leo uji, na mwepesi kiasi cha kuona maua ya bakuli kule chini. Nimegundua sababu. Mke wangu Sikudhani anachota unga wetu kila asubuhi, anampelekea Ruthu, mke wa Yotham, na wajukuu wao. Nikamwuliza ni haki gani mtu wa boma kula hivi. Akanijibu kwa upole kwamba hali ya chakula si haba.

Nimejiuliza mchana kutwa ameyatoa wapi maneno hayo. Nimekumbuka. Nilimsomea mwenyewe, mara mbili.

Alhamisi, 27 Februari

Siku mbaya. Nitaiandika ilivyokuwa.

Habari zilitangulia kwamba gari la moshi linaleta mchele wa serikali. Watu walikuwa stesheni tangu alfajiri, kila mmoja na kikapu. Hawakusukumana. Hawakuwa na nguvu za kusukumana. Yotham alikuwa mbele, amemshika Ruthu mkono. Gari likafika, mabehewa sita yamejaa magunia. Bashiri, karani wa stesheni, akasoma karatasi yake na kutangaza kwamba mzigo wote ni wa Tabora, maana ripoti ya huko imeomba. Ya Dodoma haikuomba kitu.

Kilichoteremshwa ni mfuko wa barua peke yake. Ndani yake, gazeti. Ripoti yangu imo, ukurasa wa pili, neno kwa neno! Na chini yake: "Kutoka kwa mwandishi wetu wa Dodoma." Jina hakuna. Nikageuza upande wa pili. Hakuna. Bado nalitafuta jina langu gari likaondoka na magunia yake.

Watu wakamwuliza Bashiri gazeti linasemaje. Mjinga yule akalichukua mkononi mwangu akawasomea, mpaka mwisho, mpaka sentensi yangu. Hakucheka mtu. Ruthu aliirudia polepole, kama mtu anayejifunza sala. Niliona haya. Naandika wazi, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Jumanne, 11 Machi

Ruthu amefariki jana mchana. Sikudhani alikuwa naye. Uji aliopelekewa wiki nzima alikuwa akiwapa wajukuu, akisema ameshakula. Mke wangu amerudi na bakuli letu, ameliweka mezani mbele yangu. Nimelia.

Filipo amepeleka simu ya maandishi kwa wakubwa wa pwani bila kumpitia Bwana Mkubwa. Bashiri kanionyesha. "Dodoma njaa. Leteni chakula." Salamu hakuna, utangulizi hakuna. Aibu tupu.

Daftari la vifo linataka sababu ya kifo cha Ruthu. Nikaandika: uzee. Nikaona halitoshi. Nikakata, nikaandika: udhaifu wa mwili. Limekaa vizuri zaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Mchele umefika. Kwa maneno manne ya Filipo! Bwana Mkubwa alikwishaniita na kunifokea mpaka askari wa mlangoni akatazama pembeni. Uakida wa Makole amepewa Hasani, ambaye hata jina lake analiandika kwa jasho. Mimi nimewekwa stesheni kupima mchele kwa kibaba.

Yotham alifika na kikapu chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamjazia kibaba chake na kingine juu. Nyuma yake wazee walikuwa wakizungumza kwamba wamekwisha kukubaliana, njaa imepata jina. Nikamwuliza inaitwaje. Hakutaka kusema. Nikamsihi. Akasema inaitwa Si Haba. Watoto wa mwaka huu wataambiwa wamezaliwa Si Haba. Ruthu amekufa Si Haba. Akabeba kikapu chake akaenda.

Kibaba kilinianguka. Nimerudi nyumbani sikuweza kula, nimekaa na jambo hili mpaka alasiri. Ruthu hanitoki akilini.

Lakini nimelitazama na upande wa pili. Jina lisilofutika! Filipo yeye kachapwa kwenye karatasi, na karatasi chakula cha mchwa. Maneno yangu watayatamka wajukuu wa wajukuu, Ugogo nzima. Kasoro ni moja tu, ileile ya gazeti: hawataji mwenyewe ni nani. Nimeanza barua kwa mhariri kuomba jambo hilo lisahihishwe. Mstari wa kwanza umetoka safi kabisa, bila kufuta: "Sentensi yangu ya mwezi wa pili imepokewa na wenyeji kwa moyo wote."